Miche ya chupa haifanywi kuwa migumu, huzoeshwa

SHANGAZI yangu si mtu wa kupiga simu asubuhi. Yeye hupiga jioni, ng'ombe wakishakamuliwa na chai ikishanywewa. Kwa hivyo simu yake ilipolia saa moja asubuhi, nilijua kuna jambo.

“Mwalimu,” akaniita. Akiniita hivyo badala ya mwanangu, ujue kuna kesi. “Ile miche imeisha.”

“Imeisha vipi, shangazi? Mmeshaiuza?”

“Imeisha kufa. Njoo uone.”

Nilikwenda Jumamosi. Kwake ni upande wa Sotik, kaunti ya Bomet, pale mashamba ya majani chai yanapoanza kuachia nafasi mahindi na migomba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na meza ndefu ya mbao, na juu yake trei za miche ya ndizi ya chama chao cha akina mama. Ilikuwa miche 300. Yote ilikuwa imekauka na kujikunja kama tumbaku. Wanachama kadhaa walikuwa wamesimama kando, kimya, kama watu waliokuja kupeana pole. Mmoja alikuwa ameshika karatasi, nami niliitambua kabla hajaifungua. Ilikuwa kijikaratasi cha maelezo nilichokitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, kwa hisani, usiku mmoja, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

“Tusomee hapa,” akasema shangazi, akiweka kidole kwenye mstari.

Nikasoma: “Baada ya kuitoa miche kwenye chupa, ifanye iwe migumu kwa muda wa majuma manne hadi sita.”

“Sasa sisi,” akaendelea, “tukajiuliza, kitu hufanywa kigumu vipi? Tofali hufanywa gumu kwa jua. Mahindi huwa magumu kwa jua. Tukaitoa juani, tukapunguza maji. Siku ya tatu ikawa hivi. Si ni wewe ulisema?”

Ni mimi nilisema. Sikuwa na la kujitetea, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiona mdaiwa. Leo nataka kulipa sehemu ya deni hilo. Safu hii huzungumzia maneno, lakini maneno ya leo yana mizizi na majani, kwa hivyo msomaji anivumilie nianze na mmea kabla ya kufika kwenye kamusi.

Mgomba hatuupandi kwa mbegu. Mkulima hung'oa chipukizi kando ya mgomba mama akalipanda kwingine. Ni njia ya mababu, na haina gharama. Kasoro yake ni kwamba chipukizi halisafiri peke yake. Hubeba wadudu wa shina, minyoo ya mizizi na vijidudu vya ugonjwa wa mnyauko kutoka shamba moja hadi jingine. Ukimwomba jirani chipukizi, huenda akakupa na ugonjwa, tena kwa roho safi.

Wanasayansi walitafuta njia ya kukata msafara huo. Mwaka 1902, Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa katika himaya ya Austria, alitoa wazo kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kukua ikawa mmea mzima. Yeye mwenyewe hakufaulu kulithibitisha, ila wazo lilibaki. Mwaka 1962, Toshio Murashige na Folke Skoog, wakiwa Marekani, walichapisha kanuni ya chakula cha kukuzia mimea chupani ambayo maabara nyingi duniani hutumia hadi leo. Hapa Kenya, migomba ya namna hii ilianza kuwafikia wakulima katikati ya miaka ya 1990, kupitia taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI, ambayo sasa ni KALRO, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwanasayansi Florence Wambugu, ambaye baadaye mwaka 2002 aliasisi shirika la Africa Harvest, ni miongoni mwa waliovumisha miche hii.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtaalamu huchukua chipukizi zuri, akalimenya hadi abaki na kile kincha cha ndani kabisa ambako majani mapya huzaliwa. Hukisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hukiweka kwenye chupa safi yenye chakula. Chakula hicho ni maji, madini, vitamini, homoni na sukari, aghalabu gramu 30 kwa kila lita, kikiwa kimegandishwa kwa agari, kitu kama jeli kinachotolewa kwenye mwani wa baharini. Homoni za aina moja hukifanya kincha kichipue vichwa vingi. Vichwa hivyo hutenganishwa na kuwekwa kwenye chupa nyingine, navyo huchipua tena. Baadaye hubadilishiwa chakula ili vitoe mizizi. Kwa njia hii chipukizi moja huzaa mamia ya miche inayofanana kwa kila kitu, isiyo na mdudu wala mnyoo.

Sasa fikiria maisha ya mche huo. Hewa ya chupani ina unyevu wa karibu asilimia mia moja. Hakuna upepo. Mwanga ni wa taa, tena hafifu ukilinganishwa na jua la saa sita mchana. Chakula kiko miguuni, kitamu, hakitafutwi. Mmea ni kiumbe asiyejisumbua bure, kwa hivyo hujiumba kulingana na starehe hiyo. Majani yake hayajipaki nta ya kutosha, kwa sababu hakuna ukavu wa kujikinga nao. Vile vitundu vidogo vya jani, ambavyo mmea wa shambani huvifunga jua likiwa kali ili usipoteze maji, kwa mche wa chupani hukaa wazi tu, na huwa vigumu kufunga hata hali ikibadilika. Mizizi yake, iliyoota ndani ya jeli, haina vile vinyweleo vya kunyonyea maji kutoka kwenye udongo. Na ile kazi ya kujipikia chakula kwa mwanga, ambayo vitabu vya shule huiita usanisinuru, mche huu haujaizoea. Umekuwa ukila sukari ya watu.

Utoe mche huo ghafla, uuweke juani Sotik, uone. Majani yanavuja maji kama kikapu, mizizi haijui kuvuta, na chakula cha bure kimekwisha. Haichukui wiki. Ni sawa na mtoto njiti kutolewa kwenye mashine ya joto na kupelekwa sokoni siku hiyohiyo. Hakuna mama ambaye angefanya hivyo, na shangazi yangu asingefanya hivyo kwa mmea kama lugha niliyompa ingemwambia ukweli.

Tuje basi kwenye lugha.

Jina la kwanza la kuangalia ni la teknolojia yenyewe. Kwa Kiingereza huitwa “tissue culture”, na kwenye kijikaratasi changu niliandika “utamaduni wa tishu”. Si mimi pekee, tafsiri hiyo nimeikuta kwingine pia. Nilipomsomea shangazi, aliuliza ikiwa tishu nazo hutahiri. Alicheka, nami nikacheka, lakini swali lake lilikuwa na haki. Utamaduni tunaoujua ni wa watu: ngoma, mavazi, ndoa, vyakula.

Kosa hili lina historia ya kupendeza. Neno “culture” la Kiingereza asili yake ni Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kulima na kutunza. Maana ya mila na sanaa ilikuja baadaye, kwa njia ya sitiari: akili hulimwa kama shamba. Neno letu utamaduni lina asili ya Kiarabu, na lina undugu na neno madina, yaani mji. Kwa hivyo neno la Kilatini limetoka shambani, na neno letu limetoka mjini. Ukitafsiri moja kwa jingine unapozungumzia nyimbo na mavazi, yanakutana vizuri. Ukitafsiri unapozungumzia mmea, unauchukua kutoka shambani na kuupeleka mjini. Kiarabu chenyewe, ambacho kilitupa neno utamaduni, hakilitumii hapa. Kazi hii ya maabara hukiita kwa neno ziraa, yaani kilimo, pamoja na neno la tishu. Waarabu walitafsiri maana, nasi tukatafsiri sura.

Neno la pili, tishu, ni neno halali la baiolojia, na liko kwenye kamusi. Shida ni kwamba katika Kenya ya leo tishu ni karatasi laini ya kujifutia. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi la kuchora “mgomba wa tishu”. Mmoja alichora mgomba mzuri sana, uliofungwa karatasi ya msalani kuanzia chini hadi juu. Sikumpa sufuri, kwani alitumia Kiswahili anachokijua.

Pendekezo langu ni hili. Katika vitabu na mihadhara tuseme ukuzaji wa tishu, kwa kuwa ukuzaji ndilo tendo linalofanyika. Shambani na sokoni tuseme miche ya chupa. Hilo la pili silibuni mimi, nimelisikia kwa wakulima wenyewe, na lina faida kubwa: linamkumbusha mnunuzi kwamba mche huu ulilelewa ndani ya chupa, kwa hivyo una udhaifu wa mlelewa wa chupa. Jina linabeba onyo ndani yake.

Lakini neno lililoua miche 300 si hilo. Ni lile la kuutoa mche chupani na kuuandaa kwa udongo, ambalo Waingereza hulisema kwa kitenzi cha kufanya kitu kiwe kigumu. Kwao kitenzi hicho kina maana ya ziada ambayo mkulima wao anaijua: kuuandaa mmea kidogo kidogo kwa hali ya nje. Kwetu kivumishi -gumu hakina maana hiyo. Kitu kigumu ni jiwe, ni mkate wa juzi, ni moyo wa mtu asiyesikia. Nilihamisha neno bila kuhamisha maarifa yaliyokuwa ndani yake.

Baada ya ile Jumamosi nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutafsiri. Nilimtafuta mtu anayejua kazi. Sikumpata kwenye maabara, nilimpata Kericho kwenye kitalu cha majani chai. Ni mzee aliyefanya kazi ya vitalu kwa miaka mingi, sasa amestaafu na ana kitalu chake kidogo.

Msomaji wa mbali huenda asijue kwamba chai ya Kericho na Bomet kwa sehemu kubwa haipandwi kwa mbegu. Hukatwa kipande kifupi cha tawi chenye jani moja, kikachomekwa kwenye mfuko wa udongo. Ndivyo zinavyoongezwa aina zinazotolewa na watafiti wa chai walio Timbilil, karibu na mji wa Kericho, ambako utafiti wa zao hili umefanywa tangu miaka ya 1950. Hata ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, huongezwa hivyo. Sasa, kipande kisicho na mizizi hakiwezi kuvuta maji, kwa hivyo hufunikwa. Fito hupindwa juu ya tuta, karatasi ya nailoni hutandazwa na kuzikwa pembeni hewa isitoke, na juu yake huwekwa kivuli. Ndani mnakuwa na joto na unyevu kama wa chupa. Miezi kadhaa baadaye mizizi ikishashika, nailoni haiondolewi siku moja. Hufunguliwa kidogo kidogo.

Nikamuuliza, “Mzee, kule kufungua kidogo kidogo mnakuitaje kwa Kiswahili?”

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la jua. “Kuzoesha, mwalimu. Unaizoesha miche. Leo unafungua huku mwisho wa tuta, kesho-kutwa unafungua na kule. Wiki ijayo unaondoa kwa saa chache asubuhi, unarudisha. Ukiona majani yamelegea, umeharakisha, funika. Miche ndiyo itakuambia.”

Neno ndilo hilo. Nalo lilikuwepo, likisemwa kila siku kwenye vitalu vya Kericho, wakati mimi nilikuwa kilomita chache kutoka hapo nikipekua kamusi.

Tulitazame kwa jicho la sarufi. Kitenzi zoea ni tendo la anayezoea. Hakuna awezaye kuzoea kwa niaba ya mwingine. Tukiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata zoesha: mkulima anaweka mazingira, lakini anayezoea ni mche. Tendo hili lina muda ndani yake, kwani hakuna anayezoea jambo kwa siku moja. Lina hatua ndani yake pia, na lina uwezekano wa kurudi nyuma pale mzoeshwaji anapolemewa. Haya yote mkulima anayapata kwenye neno moja bila kufafanuliwa. Tena neno hili linazaa. Tunapata uzoeshaji, ambao ni kazi yenyewe. Mzoeshaji, ambaye ni mtu anayeifanya. Na kitalu cha kuzoeshea, yaani mahali pa kuifanyia.

Wapo waandishi wanaotumia kukomaza. Si kosa, na silipingi kabisa. Hata hivyo, nina wasiwasi nalo nikizungumza na mkulima wa ndizi. Kwake ndizi iliyokomaa ni ile inayosubiri panga. Ukimwambia mche ukomae kwanza, atahesabu umri wake, ilhali swali si umri. Mche wa miezi minne uliokaa chupani muda wote bado ni mgeni wa jua. Kushupaza nalo limeshachukuliwa na shingo na mioyo ya wakaidi. Mimi nabaki na kuzoesha.

Kwa neno hilo, maelezo yanajiandika yenyewe. Nitayaeleza hapa kama yalivyo kwenye kijikaratasi kipya, ambacho safari hii kilipitia kwa yule mzee na kwa shangazi kabla ya kuchapwa.

Kwanza, fungua chupa ndani ya kivuli, si juani. Toa mche taratibu na uoshe mizizi kwa maji safi ya vuguvugu hadi jeli yote itoke. Jeli ina sukari, na sukari ikienda nayo kwenye udongo, kuvu watakuja karamu, kisha waendelee na mche. Wengi huichovya mizizi kwenye dawa ya kuvu kabla ya kupanda.

Pili, andaa udongo mwepesi unaopitisha maji, kama mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga, uliochemshwa au kupigwa mvuke ili kuua vijidudu. Usikimbilie mbolea kali. Mche hauna mizizi ya kuipokea.

Tatu, panda, nyunyizia, kisha funika kwa nailoni juu ya fito, chini ya neti ya kivuli. Wiki ya kwanza usifungue ila kwa kunyunyizia tu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope, kwa sababu maji yakisimama mizizi huoza.

Nne, anza kuzoesha. Fungua kidogo wiki ya pili, ongeza ya tatu, na kadiri mche unavyostahimili uondoe nailoni kabisa, huku kivuli kikibaki. Usishtuke majani ya zamani yakikauka. Hayo ni majani ya chupani, hayakuumbwa kwa maisha haya. Tazama jani jipya linalochomoza katikati. Hilo limezaliwa nje, lina nta yake, linajua kufunga vitundu vyake. Mche wenye majani mapya matatu au manne umeshahama kweli.

Tano, baada ya wiki nne hadi sita hamishia kila mche kwenye mfuko mkubwa wenye udongo na samadi iliyooza vizuri, uupunguzie kivuli hatua kwa hatua kwa muda wa miezi miwili hivi. Ukifika urefu wa futi moja, ndipo uende shambani, mwanzo wa mvua. Na sisi wa maeneo haya tuna jambo letu la ziada: mvua ya mawe ya Kericho haimwonei mtu huruma. Kitalu kikae mahali penye kinga.

Kuna kosa jingine kwenye kile kijikaratasi cha kwanza ambalo halikuua mche wowote, lakini lingeua imani. Niliandika kwamba hii ni miche “isiyoshikwa na magonjwa”. Asili ilisema miche isiyo na magonjwa. Msomaji, tofauti ni ndogo kwenye karatasi na kubwa shambani. Mche usio na ugonjwa ni mche safi leo. Mche usioshikwa na ugonjwa ni mche sugu, leo na kesho. Mche wa chupa ni safi, haujawa sugu kwa sababu tu ya chupa. Ukiupanda pale palipooza mgomba wa mnyauko, au ukaukata kwa panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa, utaugua kama mwingine. Mkulima aliyeambiwa ni sugu ataona ametapeliwa. Aliyeambiwa ni safi ataosha panga lake.

Vilevile, neno maabara limewatia watu hofu. Tangu Baraza la Mawaziri liondoe, Oktoba 2022, marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni iliyokuwepo tangu mwaka 2012, na suala hilo kufika mahakamani, kila kitokacho maabara kimekuwa kikitiliwa shaka. Ukuzaji wa tishu si ubadilishaji wa jeni. Mgomba unaotoka chupani kwa kawaida ni mgomba uleule ulioingia, umeongezwa idadi tu, kama yule mzee anavyoongeza chai kwa kukata vipande. Mtu ana haki ya kuchagua, ila achague akijua kinachozungumziwa.

Neno kuzoesha halina mpaka kwenye ndizi. Viazi vya Bomet navyo mbegu yake safi huanzia kwenye chupa, na miche yake hupitia njia hiyohiyo. Maua ya okidi ni vivyo hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja, mpenda mambo ya ajabu, aliniuliza kuhusu ile mimea inayokula wadudu, ambayo wapenzi wa mimea ng'ambo huinunua ikiwa chupani. Nilimwambia udongo wake ni tofauti kabisa, kwani huo ni mmea wa ardhi maskini yenye maji, na mbolea huuua. Ndiyo maana ukajifunza kula wadudu. Lakini kanuni ya chupa haibadiliki: majani yake nayo hayana kinga, kwa hivyo nao hufunikwa, hupewa kivuli, hufunguliwa kidogo kidogo. Huzoeshwa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami naona walikuwa wakizungumza na wenye vitalu pia.

Ombi langu kwa watafsiri wenzangu ni dogo. Kabla ya kuchapa maelezo yoyote ya kilimo, ya dawa au ya mashine, mpe asome yule atakayeyatumia, kisha mwambie akueleze atafanya nini. Usimuulize kama ameelewa, maana atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize atafanya nini. Kama ningemuuliza shangazi hivyo, angenijibu, “Nitaitoa juani,” nami ningefuta mstari ule usiku uleule.

Chama kilinunua miche mingine, 100 tu safari hii, na nilichangia sehemu ya bei bila kuombwa. Yule mzee wa Kericho alikuja mara mbili kuwaonyesha. Miche kumi na mmoja ilikufa wiki za mwanzo. Mingine ilitoa jani jipya, kisha la pili.

Juzi simu ililia, na ilikuwa jioni.

“Mwanangu,” akasema shangazi, “imezoea.”